Neema, vaa glavu kwanza

Mwanangu Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Tanga wote wazima. Presha ya mama yako imetulia, mvua za vuli zinakuja kwa kusuasua. Nimeona picha ulizoweka juzi kwenye kundi la familia. Chupa nzuri. Ila ile picha ya tatu niliikuza mpaka ikajaa simu nzima: krimu nyeupe juu ya chupa, brashi mkononi, na mkono mtupu. Glavu hakuna, mama. Na pembeni mwa meza kuna nywele za mtu mfupi anachungulia.

Kundi zima limejua unachora chupa za zawadi za Krismasi, na baba yako fundi wa vioo amejulia hukohuko pamoja na mashangazi. Haya, yameisha. Lakini ungenipigia kabla hujafungua hiyo krimu, dawa ya kuchorea kioo.

Soma maandishi madogo nyuma ya kopo lake. Utakuta amonia baifloraidi, au ya sodiamu, au zote mbili. Hizo ndizo zinazokula kioo. Asidi ya betri inakaa ndani ya kioo miaka na kioo hakijali. Hii inakila kwa dakika. Asidi ya betri ikikudondokea unaruka palepale, unakimbilia maji. Hii inaingia ngozini kimya, inashika kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa umeshasahau ulishika nini. Chini ya kucha ndiyo mbaya kabisa, na wewe kucha zako nimeziona zilivyo ndefu.

Kwa hiyo nunua glavu za naitraili, zile za bluu, zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Za kitambaa hapana, zinanyonya dawa na kukushikilia nayo. Kabla ya kuvaa ipulize kama puto uifinye mdomo. Ikitoa pumzi ina tundu, tupa. Ukimaliza kazi unaosha glavu kwanza ikiwa bado mkononi, ndipo unaivua. Na miwani ya kukinga macho. Sharubati ikiruka kwenye jicho unacheka, hii huchekei.

Ikikugusa: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya ukutani, hata kama husikii kitu. Halafu piga namba ya mambo ya sumu ya hapo Marekani, 1-800-222-1222, uwaambie neno floraidi. Hospitali pia waambie hivyo hivyo, maana wana jeli ya kalsiamu glukoneti kwa ajili yake. Usiseme tu "nimeungua na krimu".

Sasa chupa zenyewe. Umesema unataka sita: mama mkwe, mawifi watatu, na wenzako wawili wa kazini. Zile chupa za kuhifadhia matunda zinauzwa kwa boksi la 12, basi chukua boksi. Sita za zawadi, mbili za kuharibu, zinazobaki weka sukari. Chukua za painti, za aunsi 16. Zile ndogo za aunsi 8 nyingi zina nakshi za almasi zilizovimba mwili mzima, na stika haikai juu ya mabonde. Hata za painti zina maandishi ya kiwanda yaliyoinuka upande mmoja, na nyingi zina vipimo upande wa pili. Izungushe chupa mkononi, pitisha kidole gumba taratibu, utapata sehemu iliyo laini kweli. Hapo ndipo pa kuandika. Bakuli za oveni za borosiliketi achana nazo, dawa inazishika vibaya au haizishiki kabisa.

Osha chupa kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa kisicho na manyoya, kisha futa sehemu ya kazi kwa spiriti. Baada ya hapo usiishike tena ubavuni, ishike mdomoni au kitakoni. Alama ya kidole ni mafuta, na mafuta yanaizuia dawa. Yale madoa uliyouliza, kwamba herufi ya kwanza imetoka nyeupe na ya tatu ina mabaka, ndiyo hayo. Ni hayo, au umepaka nyembamba, au hukukoroga. Kwa picha naona ni yote matatu.

Stika ya kukata, ile ya vinaili wanayobandika kwenye magari, ndiyo nzuri. Kama umekata kwa mashine sawa, kama umekata kwa mkono basi mkono wako umenyooka kuliko wa watu ninaowalipa hapa, na nasema hivyo mara moja tu. Pembeni ya maandishi bakiza angalau sentimita 3 za stika pande zote. Usisahau vitumbo vya herufi: kile cha ndani ya a, cha e, cha o. Vinapotea sakafuni, unakuja kukumbuka chupa imeshaoshwa na "o" imekuwa doa la mviringo. Herufi zisiwe nyembamba kuliko milimita 3. Wembamba ukizidi, stika inainuka pembeni na dawa inapenya chini yake.

Chupa ni ya mviringo, stika ni bapa, hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Anza kubandika katikati ya neno kwenda nje, siyo kutoka ncha moja kwenda nyingine. Chana stika kwa wembe kutoka ukingoni kuelekea kwenye maandishi, bila kuyafikia, mipasuko minne au mitano, ili ikubali kujikunja. Usipande kwenye bega la chupa. Pale kioo kinajikunja pande mbili na mkunjo hauepukiki. Kisha sugua kingo za kila herufi kwa kucha au kadi ya benki. Sugua tena. Halafu zungushia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, maana dawa hutelemka.

Ule mnyororo uliochora kuzunguka shingo, wa milango ya Unguja, umenifurahisha. Mwambie mama mkwe wako kwamba ni mnyororo wa mlangoni, asije akadhani ni wa baiskeli. Lakini shingo ina bega chini yake na nyuzi za kifuniko juu yake. Ushushe tumboni mwa chupa.

Tanki la maji limepasuka chini, fundi amelibandika kwa gundi na anasema litafika Machi. Silalamiki, nakujulisha tu. Ile pesa ya mwezi jana mama yako alinunulia dawa na ikabaki ya luku.

Siku ya kupaka. Huko Desemba ni baridi ya kugandisha, na najua utataka kufanyia gereji ili nyumba isinuke. Gereji yenye baridi itakuharibia. Dawa ikipoa inatengeneza chembechembe kama mchanga na inakula kwa shida. Kopo likiwa limefungwa, lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu, ya bomba, siyo ya birika, mpaka chembe ziyeyuke, kisha koroga kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Chuma usiingize humo. Na chupa nayo isiwe imetoka kwenye baridi. Nyuzi 21 za Selsiasi au zaidi inatosha. Fanyia ndani, dirisha moja wazi hata kama unatetemeka, feni ikitoa hewa nje.

Laza chupa juu ya taulo lililokunjwa ili isibingirike. Paka nene, milimita 3 au 4, mpaka usione kioo chini. Usiburute brashi kama unapaka rangi ukuta, utaacha michirizi. Gongagonga kwa ncha. Dakika fuata zilizoandikwa kwenye kopo lenyewe, nyingine ni 5, nyingine 15. Katikati ya muda isogeze dawa huku na huku kidogo, mapovu yatoke, maana chini ya povu kioo kinabaki kitupu. Kuiacha saa nzima hakuchimbi zaidi. Inafika mahali inachoka. Kwa sababu hiyo pia usijaribu kufanya upande mzima wa chupa mweupe. Eneo kubwa linatoka na mabaka. Sehemu kubwa nyeupe ni kazi ya kupuliza mchanga kwa kompresa, na hiyo ina mambo yake ya kifua. Unanisikia kwenye simu ninavyokohoa. Kule karakana glavu za ngozi na barakoa zimening'inia msumarini, bado mpya. Kwa hiyo kushika dawa kwa mikono mitupu sijui umejifunzia wapi.

Kwangua dawa iliyobaki kwa kipande cha plastiki uirudishe kwenye kopo kama maelezo yanaruhusu, kisha osha chupa ndani ya beseni la plastiki kwa maji mengi. Sinki la kauri hapana, ile rangi ya juu yake nayo ni kioo, itafifia, na nyumba mmepanga. Beseni hilo lisirudi kuogeshea mtoto. Liandike kwa maka peni.

Sasa hapa watu wengi hushtuka. Chupa ikiwa mbichi hutaona herufi. Maji yanajaza vishimo vidogo na mwanga unapita kama vile hapakuchorwa kitu. Usikimbilie kupaka upya. Kausha kwanza, stika ikiwa bado ipo, tazama kwenye mwanga. Kuna baka? Rudia kupaka sasa hivi, maana stika ikitoka hutaweza kuirudisha ilipokuwa hata kwa milimita. Umeridhika, ndipo unabandua, unaosha tena kwa sabuni, na chupa inafaa kwa chakula, mradi dawa haikugusa ndani wala mdomoni.

Ndani ya chupa mama yako anasema tia visheti. Vipoe kabisa kabla ya kufunga, usiku mzima, vikifungwa na joto vinatoa jasho na sukari inalegea. Anasema pia usipunguze iliki kwa sababu ya Wamarekani.

Naandika yote haya na najua unajiuliza kwa nini sikukuonyesha ulipokuwa hapa, jioni zile ulikuwa unasimama mlangoni kwa karakana. Nilisema ni kazi ya kaka yako. Kaka yako, niliyemwekea hadi kisu cha kukatia vioo, anauza vocha pale stendi. Anakusalimu.

Sasa Daudi. Hiyo krimu ukiitazama ni mtindi mtupu. Nyeupe, nzito, iko kwenye kopo, na mtoto wa miaka miwili hajui kusoma kibandiko. Kusema "nilikuwa namwona" haitoshi, picha umepiga wewe na hukumwona. Fanya kazi akiwa amelala, mlango umefungwa, na baba yake yuko nyumbani. Kopo likae juu, kwenye kabati lenye kufuli, siyo juu ya friji. Brashi na karatasi ulizofutia ziende kwenye mfuko, zifungwe, zitoke nje siku hiyo hiyo.

Barua ya benki kuhusu kiwanja cha Pongwe imekuja kwa jina lako, sijaifungua. Sema niifungue au nisubiri.

Zile mbili za kuharibu anza nazo Jumamosi. Kabla hujapaka ya kwanza nipigie kwa video, huku itakuwa jioni, bado niko macho. Uelekeze simu kwenye mikono kwanza, chupa baadaye.

Baba yako