Salamu za shukrani kutoka kwa watoto wa Mama Mkwe

Familia yetu ya Kirumba, Mwanza, pamoja na ukoo mzima ulioko Ukerewe, tunamshukuru Mungu na kuwashukuru ninyi nyote mliokuwa nasi tangu mama yetu alipolazwa hadi tulipompumzisha Nansio, akiwa na umri wa miaka 73. Wengi wenu hamkulijua jina lake la ubatizo. Mlimjua kama Mama Mkwe, yule mkorofi wa mchezo wa kuigiza wa kwenye televisheni, na hata kwenye daftari la rambirambi mmeandika hivyohivyo. Tumeyaacha yalivyo. Jina hilo mlimpa ninyi, na alilipenda.

Shukrani za kwanza ni za madaktari na wauguzi wa Bugando. Kiharusi kilimchukulia mama maneno yote, mwanamke ambaye alikuwa akisikika mtaa wa pili bila kipaza sauti. Wiki ya kwanza tulikuwa tunamwangalia tu, hatujui kama anatutambua. Kisha usiku mmoja muuguzi wa zamu akaja kumgeuza, akamwinamia sikioni: "Shikamoo mama mkwe. Leo mkweo nimechelewa, usinifukuze." Mama akabinua mdomo. Ule mdomo mnaoujua, unaobinuliwa mkwe akileta chai isiyo na sukari. Upande mmoja tu wa uso ndio uliokuwa unamtii, na ulimtosha. Tangu hapo muuguzi yule hakupita kitandani pale bila salamu hiyo, na mama hakuacha kuijibu. Dada yetu, jina lako hatulitaji hapa kwa kuwa hatukukuomba ruhusa, lakini nyumbani kwetu linatajwa kila jioni kwenye sala.

Tunawashukuru kwa namna ya pekee wafanyabiashara wa Mwaloni. Mama alikaa hatua chache kutoka sokoni kwenu miaka yote, lakini mchezo ulipoanza kuonekana hewani kuna wamama waliogoma kumuuzia dagaa. "Kamwombe mkweo akupikie," walimwambia, na hawakuwa wanatania. Alirudi na kikapu kitupu, akakaa jikoni, akasema, "Basi nimeiweza." Sisi tulilia kwa hasira, yeye alikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Siku ya msiba, mmoja wa wamama walewale ndiye aliyefika wa kwanza, kabla hata turubai halijafungwa, na debe zima la dagaa kichwani. Alilitua mlangoni, akaketi chini, akalia kwa sauti. Mama, tulikuona.

Tuseme kidogo alikotoka, maana vijana wengi mliokuja mlidhani aliibuka na televisheni. Alikuwa msichana wa Ukerewe aliyevuka ziwa kuja kusoma Bwiru. Mwaka 1970 walimu wao waliichukua tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, iliyokuwa imetoka mwaka uliotangulia, wakampa yule binti anayevaa joho la mwanasheria na kumwokoa mfanyabiashara kortini. Joho liliazimwa kwa wanakwaya na lilimzidi urefu. Alitusimulia kwamba mazoezi aliyafanya juu ya mawe ya ufukweni, upepo ukimpiga usoni, na mwenzake akisimama mbali kumwonyesha kwa mkono kama maneno yanafika. Sauti ile ilitoka kwenye mawe hayo.

Baada ya hapo akawa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni mwigizaji. Kikundi chao kilipanda malori hadi vijiji vya pamba, jukwaa likiwa trela ya trekta na taa ikiwa karabai iliyoning'inizwa kwenye mti. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 aliigiza mwanamke anayemkataza mumewe asichimbe choo, na alikuwa akisema kuna kijiji ambacho wanaume walitoka pale usiku uleule kwenda kutafuta majembe. Malipo yalikuwa ugali, maziwa ya mgando, na mara nyingine mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ngoma ya Bugobogobo aliijifunza huko kwa Wasukuma, yeye Mkerewe, hadi wenyewe wakamkubali. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 alikuwa na miaka 42 na jukwaa limeshamchosha magoti. Hatukuwa na runinga nyumbani, na alipokuja kuonekana kwa mara ya kwanza tulimtazamia kwa jirani, watu wamejaa hadi dirishani. Yeye peke yake hakufurahi. Alisema jukwaani macho ya watu yanakwambia umekosea wapi, kamera haikwambii kitu.

Kwa hiyo tunawashukuru wasanii wote, wakubwa na chipukizi, mliolibeba jeneza toka Kirumba hadi bandarini. Nahodha na mabaharia wa feri ya Nansio, asanteni kwa kutuachia nafasi ya mbele ili mama atangulie kuiona Ukerewe, kama alivyozoea kusimama kila alipokwenda kwao. Baba Paroko, tunajua wazee walikuwa na maswali kuhusu ngoma msibani, na haikuwa rahisi kwako kutoa jibu. Ulisema misa kwanza, ngoma baadaye. Ikawa hivyo. Wale wa Bugobogobo walipoyarusha majembe juu na kuyadaka pamoja, uwanja mzima ulinyamaza, kisha vigelegele vikapigwa na hao hao wazee. Kina mama Wakatoliki wa WAWATA, Jumuiya yetu, Serikali ya Mtaa, majirani mliolaza wageni vitandani na ninyi mkalala mkekani, vijana wa bodaboda mliobeba maji na kuni bila kuuliza nauli: wabeja sana, tunawashukuru kwa moyo wote.

Kuna jambo moja lilitajwa msibani, tena kwa hasira, nasi hatupendi libaki linazunguka. Ni kweli kwamba mama hakulipwa sehemu kubwa ya kazi yake ya mwisho. Hatutataja mtu wala kampuni, na tunawaomba ninyi pia msitaje. Kabla ya kiharusi alituachia maneno kwamba asidaiwe mtu yeyote juu ya kaburi lake. Lakini wazazi mlio na watoto wanaoigiza, wafundisheni kusaini mkataba na kubaki na nakala yake. Mama alifanya kazi nyingi kwa kuaminiana tu, na dawa za presha hazinunuliwi kwa kuaminiana. Mliochanga za matibabu miezi ile mitatu ndio mliolilipa deni ambalo halikuwa lenu. Kama kuna anayemdai mama, aje tuzungumze.

Ombi letu la mwisho. Misa ya arobaini itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu asubuhi, na baada yake tutakula pamoja nyumbani Kirumba. Tunapopanga vitu vyake tumegundua hatuna kitu. Miaka yote ya jukwaani karibu hakuna aliyekuwa na kamera, na kanda za michezo ya mwanzo ya televisheni zilirekodiwa vingine juu yake. Wajukuu wanamjua kama bibi wa kwenye simu tu, katika vipande vifupi. Mwenye picha, kanda ya kaseti, tangazo la onyesho, hata karatasi ya mazoezi yenye mwandiko wake, aje nayo siku hiyo. Tutaitoa nakala palepale na kumrudishia.

Mzee mmoja wa kutoka huko vijijini ameshatuletea ya kwanza, aliyoihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama yuko juu ya trela, mikono kiunoni, mdomo umebinuliwa, karabai imemmulika nusu ya uso. Mbele wamekaa watoto chini, na mmoja wao amegeuka kuangalia nyuma kama anayetaka kukimbia. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino wa bluu: Mtu ni Afya, 1973.