Cheti cha baba yako kimo kwenye bahasha

Mwanangu,

Bahasha hii nimempa kondakta wa basi la alfajiri. Kaipokee mwenyewe pale Mbagala Rangi Tatu, usimtume mtoto wa mama yako mdogo, namjua. Ndani mna fomu ya mkopo wa chuo, cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yako. Hesabu, viwe vitatu.

Usiitume fomu kabla cheti cha kifo hakijahakikiwa na RITA, wale wa vizazi na vifo. Najua kwenye simu ulisema "nimeelewa mama", lakini ulisema huku unacheka na wenzio. Cha kwako kilishahakikiwa, hakina neno. Cha baba yako ndicho kipya, kimetoka juzi. Kiingize kwenye mtandao wao, ungoje jibu, ndipo ukiambatanishe. Mtoto wa jirani mwaka jana alisikia dirisha la maombi linakaribia kufungwa, akatuma bila cha marehemu mama yake. Kwenye karatasi akahesabika ana wazazi wawili. Mkopo ukatoka kidogo, nyumbani hakuna wa kujazia, sasa yuko hapa senta anauza vocha.

Utauliza kwa nini miaka sita yote sikukitafuta. Kibali cha mazishi kilikuwa kwenye sanduku, na lile paa la upande ule unalijua. Tena baba zako wadogo walikuwa na maneno yao ya shamba. Nikaona nikianza kuzunguka na karatasi za marehemu watasema natafuta mirathi. Basi, miaka ikaenda. Safari hii nimekwenda wilayani na barua ya mtendaji na mashahidi wawili, mmoja ni huyo huyo baba yako mdogo. Njia nzima hakusema kitu, ila nauli kalipa yeye. Mpigie umshukuru, na usimwite anko.

Jina la baba yako nimelifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, liko sawa na kwenye cheti chako. Mdhamini nimesaini mimi, kitambulisho changu na picha vimebanwa kwenye fomu. Picha usiicheki, nilikuwa nimetoka shamba. Nyuma yake nimeandika kwa penseli namba ya kaya yetu ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Zamani nilikukataza kulitaja jambo hilo shuleni. Sasa wakiuliza, taja.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo alipokuwa anagonga muhuri aliuliza umepata nini. Nikamwambia daraja la kwanza, pointi 5. Akauliza tena. Nikamwambia alianzia hapo hapo shule ya kata unayoiona dirishani. Nilitoka pale natembea kama mimi ndiye niliyefanya mtihani.

Lakini kusuka kwa elfu ishirini na tano sikupenda. Ada ya maombi ni 30,000, na hiyo nimeikopa kikoba, kila Jumamosi naulizwa mbele za watu. Halafu ujue huo wa Bodi ya Mikopo ni mkopo, si zawadi. Ukiajiriwa watakukata asilimia 15 ya mshahara, na mimi sitaki kusikia kilio siku hiyo.

Mikorosho imeanza kutoa maua. Salfa nimepata mfuko mmoja, mdogo wako anapuliza asubuhi kabla ya shule na anakohoa. Nimemfunga kitambaa puani, anakivua akifika nyuma ya kichuguu. Mbuzi mwenye baka amezaa mapacha, mmoja hakupona. Paa bado.

Cheti kwanza, fomu baadaye. Jibu la RITA likija, nipigie hata kama ni usiku, simu naiacha kwa jirani mwenye sola inachaji, mwambie aje aniamshe.

Bibi yako anataka ugoro wa Kariakoo, anasema wa huku umechanganywa majivu. Mpe kondakta huyo huyo, na bahasha irudishe, ni ya ripoti za mdogo wako.

Mama yako