Basi la saa 12 na dakika 7

Mhariri,

Julai nilikata tiketi ya basi mtandaoni, Morogoro kwenda Dodoma. Iliandikwa 06:07. Nikawahi stendi alfajiri na mapema. Basi likaondoka saa 12 na nusu. Tiketi ya mke wangu, ya jioni, nayo ilisema 18:07! Mimi hutengeneza tovuti kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, nikacheka peke yangu: fundi kaandika H:m badala ya H:i. Kwenye PHP, H ni saa, m ni mwezi (Julai ni 07); dakika ni i. Agosti kila basi litaondoka na dakika 08. Wakirekebisha, waweke pia Africa/Dar_es_Salaam, jina la majira ya saa zetu, maana PHP isipoambiwa hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Bibi yangu anauliza kwa nini wasiandike tu “saa 12 na nusu asubuhi”.

Msomaji wenu,
Morogoro