Usikubali Windows ifutwe

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku kwetu hatujambo, ni mafua ya watoto tu, nayo yanaelekea kuisha. Ujumbe wako nimeupata, na pale uliposema fundi anataka kuifuta Windows akuwekee Linux, ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa ajili ya masomo yako ya seva, nikaona nikuandikie kwa kirefu. Tafadhali usimruhusu. Hesabu zote za ofisi zimo kwenye programu inayotaka Windows, na kozi yenyewe ni ya jioni. Ya nini kubomoa nyumba kwa kutafuta chumba kimoja? Hata kuigawa diski, nusu Windows nusu Linux, sikushauri. Kila ukitaka kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine utalazimika kuzima na kuwasha upya, na mkono ukiteleza wakati wa kugawa, hesabu zimekwenda.

Linux inaweza kukaa ndani ya Windows, kwenye dirisha lake. Unasimika VirtualBox, programu ya bure ya Oracle, nayo inakutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Linux inaamini imepewa kompyuta nzima, kumbe diski yake ni faili moja tu ndani ya folda yako. IBM walikuwa wakifanya hivi kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. Prosesa za Intel zilianza kuongezewa uwezo maalumu wa kazi hii mwaka 2005, za AMD mwaka 2006, kwa hiyo laptopu yako bila shaka inao.

Ila huenda umezimwa. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, utazame palipoandikwa Virtualization. Ukikuta Disabled, itabidi uingie BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwashe Intel Virtualization Technology, au SVM Mode kama prosesa ni ya AMD. Laptopu ni ya ofisi, kwa hiyo kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, omba kwanza ule ufunguo wa dharura kabla hujagusa BIOS. Inaweza kukudai ufunguo huo ikiwaka, nawe huna.

Kwa RAM yako ya GB 8, ipe Linux GB 2, zinazobaki waachie Windows na kivinjari. Prosesa mbili, diski ya GB 20 ya aina inayokua yenyewe: faili linaanza dogo, linanenepa kadiri unavyojaza. Na kwa kuwa unasomea seva, chukua Debian, mojawapo ya aina za Linux, bila mapambo ya eneokazi, uandike amri tu. Faili lake dogo la kusimikia halifiki GB 1, mengine inayavuta mtandaoni wakati wa kusimika, basi uwe na bando la kutosha. Ukiona picha ya kobe chini ya dirisha, maana yake Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya mashine pepe, imeshaushika ule uwezo wa prosesa, na VirtualBox inapitia kwake. Itakuwa nzito kidogo, lakini kwa masomo yako inatosha. Usianze kuzimazima vitu vya usalama vya Windows kwa ajili ya kobe.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niipende njia hii kuliko nyingine zote. Kabla ya jaribio lolote unachukua snapshoti, yaani VirtualBox inaikumbuka mashine ilivyo dakika ile. Juzi niliwaonyesha vijana ninaowafundisha. Nilichukua snapshoti, kisha nikaandika kwa makusudi:

sudo chmod -R 777 /etc

Yaani nilimpa kila mtu ruhusa ya kubadili faili zote za mipangilio ya mfumo. Amri iliyofuata ya sudo, ile inayokupa mamlaka ya msimamizi, ikagoma, ikilalamika kwamba faili la sudoers, lenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia, linaweza kuandikwa na kila mtu. Kwenye seva ya kazini hapo watu hutoka jasho. Sisi tulizima mashine, tukabonyeza Restore, tukaiwasha, na kila kitu kikawa kama kilivyokuwa asubuhi. Vijana wakaanza kugombania nani aharibu tena! Ndivyo ninavyotaka ujifunze, shoga yangu: ufute, uvunje, uulize kwa nini, urudi. Mtu anayeogopa kuharibu hajui seva, amekariri tu.

Ila snapshoti usiifanye ndiyo nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa vyote vimekwenda. Hesabu za ofisi ziweke kwenye diski ya nje leo hii, kabla hujasimika chochote.

Mkifika somo la SSH, yaani kuingia kwenye seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine, mtandao wa NAT unaokuja na VirtualBox, unaoificha Linux nyuma ya Windows, hauiruhusu Windows kuingia kwenye mashine moja kwa moja. Kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine, palipoandikwa Port Forwarding, peleka mlango (port) 2222 wa Windows kwenda mlango 22 wa Linux, halafu ukiwa Windows andika ssh -p 2222, jina lako la Debian, kisha bila nafasi @127.0.0.1. Na chaji ikikaribia kuisha, funga dirisha kwa kuchagua Save the machine state. Kesho utaendelea palepale.

Nitumie picha ya ule ukurasa wa Task Manager nikuangalizie. Msalimie mama, na watoto wabusu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga