Wimbo wa Kiingereza darasani usiishie kwenye makofi

Ndugu Mhariri,

Pita nje ya shule ya msingi hapa jijini Dar es Salaam asubuhi, utasikia darasa zima likimsalimu mwalimu kwa Kiingereza, kwa pamoja, kila silabi ikivutwa sawasawa na mwenzake: "Gu-di-mo-ni-ngi-ti-chaaa." Baada ya salamu unakuja wimbo, na baada ya wimbo makofi. Mzazi aliyesimama getini anaridhika. Lakini mwite mtoto mmoja pembeni, umwulize kwa sauti ya kawaida, "Where is your teacher?" Wengi watakutazama tu. Hiyo "ticha" wanayoitamka kila siku hawajui kuwa inaweza kutoka kwenye salamu ikaingia kwenye sentensi nyingine.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, na Kiingereza kuanza mapema, ushauri unaosikika kila upande ni mmoja: watoto wafundishwe kwa nyimbo. Siupingi. Ninachosema ni kwamba wimbo peke yake haufundishi Kiingereza. Kinachofundisha ni sentensi inayochomolewa kwenye wimbo na kutumiwa pasipo wimbo, na kazi hiyo ndiyo inayorukwa.

Wasomaji wa mashairi watalielewa upesi jambo linalofuata. Shairi la Kiswahili tunalipima kwa mizani, yaani idadi ya silabi: utenzi mizani nane kila mshororo, shairi la kawaida kumi na sita, nane kwa nane. Kila silabi ina haki yake, na mkazo unajulikana unakokaa, silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinapima kwa mapigo. Silabi zenye mkazo zinapishana kwa muda unaokaribia kulingana, na zilizo katikati, ziwe moja au mbili, zinabanwa zienee. Tazama ubeti huu, uliotungwa kwa madarasa ya chini. Herufi kubwa zinaonyesha kofi linapopigwa:

"Open the WINdow, LET in the AIR,
PUT your BAG UNder the CHAIR,
PICK up your PENcil, PICK up your BOOK,
TURN to the BLACKboard, STOP and LOOK."

(Kofi la kwanza kabisa liko kwenye "O" ya "Open".) Hesabu mizani: tisa, saba, tisa, nane. Mtunzi wa Kiswahili atasema hilo ni guni, shairi lisilotimiza mizani. Sasa hesabu makofi: manne kila mshororo, hakuna lililozidi wala lililopungua. Mwalimu anayetunga kwa sikio la Kiswahili huongeza maneno ili mizani ilingane, kisha watoto wanayaimba yote kwa uzito mmoja, na hapo ndipo ile "gu-di-mo-ni-ngi" inapozaliwa.

Vina navyo vinatega. Kwetu kina ni silabi ya mwisho, basi "water" na "sister" kwa sikio letu zimetimia, zote zinaishia na "ta". Kwa Kiingereza hazijatimia, kwa sababu kina kinaanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno: "air" na "chair", "book" na "look". Mtoto aliyezoeshwa vina vya kweli anajifunza kusikia mwisho wa neno, na sikio hilo atalihitaji siku atakapoanza kusoma "cook" na "hook" peke yake.

Ubeti huo haukutungwa ovyo. Kila mshororo ni amri, na amri inatendeka: dirisha lipo, mkoba upo, kiti kipo, ubao upo. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya jambo hilo, kwamba mwanafunzi asikie amri na kuitenda kwanza, kusema kutakuja. Kwa mtoto wa miaka sita au saba sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo, wala haihitaji umeme.

Tena angalia maneno yanavyopakana: "pick up", "bag under", "stop and". Mtoto wa Kiswahili amezoea silabi zinazoishia na irabu, kwa hiyo neno likikomea kwenye konsonanti analiwekea irabu yake: "buku", "stopu", "begi". Lakini konsonanti hiyo ikifuatwa na neno linaloanza na irabu, zinaungana zenyewe na kuwa silabi za aina aliyoizoea. "Pick up" inakuwa kama "pi-kap", "stop and" kama "sto-pan", na hapo hana nafasi ya kuchomeka "u". Anza na mafungu ya namna hiyo. Akishazoea, mpe "stop" peke yake mwisho wa mshororo, afunge midomo na kuibakiza imefungwa. Kumkemea kwamba aseme "stop" si "stopu" bila kumpitisha njia hiyo ni kumchosha bure.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza mwalimu haimbi wala haandiki. Anasema mshororo mmoja kwa sauti ya kawaida na kuutenda: anafungua dirisha, anaweka mkoba chini ya kiti. Anarudia mara nne au tano, watoto wanatenda wakiwa kimya. Wanyamaze kabisa siku hiyo. Siku ya pili wanaghani pamoja naye, bila muziki, kofi moja kwa kila pigo, mwendo wa kofi moja kwa sekunde hivi. Mwendo ukishakaa ndipo unaongezwa. Dakika kumi za kipindi zinatosha, zikizidi hapo watoto wanageuza makofi kuwa ngoma na darasa la jirani linaanza kulalamika.

Melodi naiacha hadi siku ya tatu, na hili najua si wote watakubali. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliochapishwa 2014. Watu wazima 60 walifundishwa vifungu vya Kihangari kwa dakika 15, wengine kwa kusema, wengine kwa kughani kwa mdundo, wengine kwa kuimba. Walioimba ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuvitoa tena vifungu hivyo kwa Kihangari. Ni ushahidi mzuri kwa wanaotetea nyimbo, ingawa hao walikuwa watu wazima na somo lilikuwa la robo saa. Basi kwa kumbukumbu nakubali wimbo unashinda. Ila melodi inaweza kuvuta silabi isiyo na mkazo, na mtoto akishaizoea hivyo, inachukua muda mrefu kuiondoa. Kughani kwanza kunaweka mkazo mahali pake, halafu melodi inakuja kuukaza usitoke.

Na melodi ikija, isiwe yoyote. Walimu wengi wanachukua wimbo wa Kiswahili unaojulikana na kuuwekea maneno ya Kiingereza. Kwa maneno ya silabi mbili kama "window", "table", "teacher", "pencil", mambo yanakwenda, kwa sababu mkazo wake unaangukia palepale ambapo Kiswahili kingeuweka. "Banana" na "tomato" nazo ni salama. Taabu iko kwenye "hospital", "elephant", "family", ambazo mkazo wake uko silabi ya kwanza: melodi ya Kiswahili itawafanya watoto waseme "hosPItal" na "eLEphant". Iko pia kwenye "today" na "again", ambazo mkazo uko mwisho. Ghani mshororo mara mbili, kisha uimbe. Mkazo ukihama, badilisha melodi au badilisha neno.

Maandishi yaje siku ya nne, si kabla. Mtoto wa darasa la kwanza ndiyo kwanza anajifunza kusoma Kiswahili, lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Ukimwekea "come" ubaoni kabla hajaisikia sawasawa atasoma "kome", na "write" atasoma kitu ambacho hata wewe hutakitambua. Akishaijua kwa sikio, maandishi hayamdanganyi. Tumia karatasi ya manila moja na makapeni nyeusi, herufi zenye kimo cha sentimita tano ili wa nyuma waone, na fimbo ya kuonyeshea neno linapotamkwa. Fimbo iguse neno kwenye pigo, isiteleze chini ya mstari. Kisha kata mishororo vipande, vichanganye, watoto wavipange upya. Hapo utagundua ni wangapi walikuwa wakidhani "pickupyour" ni neno moja.

Siku ya tano ndiyo siku ya wimbo kufa. Toa neno moja, weka jingine: "Put your shoe under the desk." "Put your book on the chair." Mwalimu anaanza, halafu mtoto anamwamuru mwenzake jambo ambalo halimo kwenye ubeti. Akiweza, amejifunza. Kipimo kingine ni cha sekunde tano tu: muulize mtoto mkoba uko wapi. Kama ni lazima aanze na "Open the window" moyoni, midomo ikichezacheza, ndipo aifikie "under", basi neno hilo bado si lake. Pima watoto watano kila siku, mmoja mmoja. Usipime kwa kuitikia pamoja, maana katika darasa la watoto tisini, thelathini wanaojua wanatosha kabisa kuwaficha sitini wasiojua.

Wingi huo una dawa yake. Gawa darasa mafungu matatu: moja linaghani, moja linapiga mapigo kwa vidole viwili kiganjani, moja linatenda. Kila baada ya dakika tatu yabadilishane. Vidole viwili vina kelele ndogo kuliko viganja, na fungu linaloghani likitakiwa kunong'ona, konsonanti za mwisho zinasikika vizuri kuliko likipiga kelele.

Kuhusu simu na spika ndogo: zipo, na video za nyimbo za watoto wa Ulaya na Marekani ni nyingi. Nyingi zina kasi kubwa mno kwa mtoto anayeanza, sauti zimepandishwa juu, na maneno ni ya theluji na wanyama ambao mtoto wa Mbagala hajawaona. Zichezwe wakati wa mapumziko. Kwa somo, michezo yetu ya kuitikizana inafaa zaidi. Ule mchezo wa kutaja mnyama, akiwa wa kuliwa watoto waruke, akiwa asiyeliwa wasiruke, ubadilishe kidogo tu: kiongozi anasema "A goat can walk!" wote wanaruka na kujibu "Yes, it can!" Akisema "A goat can fly!" wanasimama kimya, kisha "No, it can't!" Atakayeruka anatoka. Hapo mtoto hawezi kufuata mkumbo, maana lazima aelewe kitenzi kabla miguu haijanyanyuka. Kwa darasa la pili na la tatu huo ni mchezo wa wiki nzima: samaki, kuku, daladala, mwalimu mkuu. (Naam, mwalimu mkuu. Wataupenda.)

Kwa madarasa ya nne na tano mashairi ya kutunga wenyewe yanawezekana, mradi fremu iwe nyembamba. Mishororo minne: "I can see...", "I can hear...", "I can smell...", "I want...". Mahali pawe pamoja tu, soko la samaki la Feri au Kariakoo, na kila mshororo upewe maneno mawili au matatu tu. "I can smell fried fish." Inatosha. Wakiachiwa waandike marefu wanatafsiri kutoka Kiswahili, na utapata "shoe my" na "car red". Mwalimu asahihishe mpangilio wa maneno peke yake kwanza. Tahajia isubiri rasimu ya pili.

Kwa wazazi: mtoto akirudi na wimbo, msimwite auimbie wageni. Mwambieni "Pick up your bag", mwone kama atauokota mkoba.

Na kwa wanaotunga na kuchapisha vitabu vya kiada na kiongozi cha mwalimu, ombi langu ni dogo. Chini ya kila wimbo wekeni alama za mapigo, kama nilivyofanya kwa herufi kubwa hapo juu, na sentensi tatu za kubadilisha maneno. Ni mistari minne ya ziada kwa kila ukurasa. Mwalimu ambaye naye alifundishwa Kiingereza kwa "gu-di-mo-ni-ngi" hawezi kuyakisia mapigo hayo, na si haki kumtaka ayakisie.

Mwalimu wa Kiingereza, shule ya msingi,
Temeke, Dar es Salaam