Waacheni wapiga matarumbeta watanie

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka bendi za vyuo vikuu vya Marekani zinazofanya vichekesho wakati wa mapumziko ya mechi zifungwe. Anasema vijana wale hawajui gwaride, wanavaa ovyo na wanawadhalilisha wageni. Mawili ya mwanzo ni kweli na wenyewe hawajawahi kuyaficha. La tatu ndilo lililonishikisha kalamu.

Naishi Houston, na mpira wa Kimarekani nimeuzoea kwa shida. Kilichonivuta uwanjani ni bendi ya Chuo Kikuu cha Rice. Inajiita MOB, kifupi cha jina linalomaanisha bendi ya bundi wapiga gwaride, lakini ukilisoma kifupi chenyewe kama neno la Kiingereza, ni kundi la watu wa fujo. (Bundi ndiye nembo ya chuo. Kwetu akilia juu ya paa watu hukesha wakisoma dua, huku anashangiliwa.) Gwaride hawapigi. Mapumziko yakifika wanatawanyika uwanjani kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule, na ukidhani wamepotea, ghafla wamejipanga wakawa picha. Mtu kwenye kipaza sauti anasoma maneno waliyoyatunga, wanapuliza kipande cha wimbo, wanatimka kwenda kupanga picha nyingine. Maneno hayo yakiwa mabovu, matarumbeta hayatawaokoa.

Novemba 1973 walicheza na Texas A&M, chuo chenye mila za kijeshi na bendi inayotembea kwa mistari iliyonyooka kama rula. Wale wa Rice wakauigiza mwendo huo wa kijeshi. Kisha wakamgeukia mbwa. A&M wana mbwa wao wa heshima, Reveille, na hafanyiwi mzaha. MOB wakajipanga kwa umbo la bomba la zimamoto la kando ya barabara, lile ambalo mbwa wa huku hulisimamia na kuinua mguu, wakapiga wimbo wa watoto wa kumtafuta mbwa aliyepotea. Na Rice wakashinda 24 kwa 20! Mashabiki wa A&M wakawazingira, bendi ikajificha ndani ya uwanja mpaka ikatolewa kwa magari ya kubebea vyakula.

Mwaka 2007 zamu ikawa ya kocha. Todd Graham aliifundisha Rice msimu mmoja tu, akaifikisha mahali ambapo haikuwa imefika tangu 1961, yaani mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Tulsa. Tulsa walipokuja Houston, MOB waliwachukua watazamaji safari ya kushuka jehanamu, tabaka kwa tabaka, wakimtafuta. Hakuwa miongoni mwa wenye dhambi za kawaida. Alipatikana chini kabisa, nyuma ya mlango ulioandikwa kwamba karibu Tulsa. Tulsa wakapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa ligi.

Hapo mimi nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshaona kitu hicho, ila si uwanjani. Nimekulia Morogoro. Watani huingia msibani, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akipepesuka kutoka kilabuni, wakalizuia jeneza mpaka wapewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Graham alikuwa marehemu wa Rice, na alistahili watani wake. Kocha mwenye mkataba na mshahara mnono anaweza kulimeza hilo.

Lakini ndugu yangu aliyeandika ana hoja moja, ingawa hakuitaja. Desemba 2002 huko Charlotte, katika mechi dhidi ya West Virginia, bendi ya vichekesho ya Chuo Kikuu cha Virginia iliigiza binti wa West Virginia akiwa na ovaroli na nywele za mikia miwili, mshamba wa milimani anayetafuta mchumba. Watu wa West Virginia walikuwa sehemu ya Virginia mpaka walipojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuwa jimbo lao mwaka 1863, kwa hiyo ni ndugu, na ndugu hutaniana. Tatizo ni kwamba mtani hujibiwa. Hapa mwenye kisomo alimcheka mwana wa mchimba makaa, mwenye kipaza sauti alikuwa mmoja tu, na kilichochekwa ni umaskini. Gavana wa West Virginia, Bob Wise, alidai waombe radhi. Mwaka uliofuata bendi ile ilikuwa nje, na chuo kikaanzisha nyingine, ya gwaride, kwa msaada wa dola milioni 1.5. Sikuisikitikia. Niliusikitikia uwanja, maana gwaride tayari liko kila mahali.

Bendi ya vichekesho ya Chuo Kikuu cha Columbia nayo ilijivunja yenyewe Septemba 2020, baada ya tuhuma za ubaguzi na unyanyasaji ndani ya bendi. Hilo ni la ndani ya nyumba yao, si la vichekesho vya mapumziko, na si haki kuwabebesha wengine.

Jambo dogo la kusahihisha. Msomaji wenu ametaja bendi ya Chuo Kikuu cha Stanford kuvamia uwanja mwaka 1982 kama mfano wa mzaha uliopita mipaka. Haukuwa mzaha. Sekunde nne zilikuwa zimebaki, vijana wakadhani mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha California imekwisha, wakaingia kushangilia huku mpira bado unachezwa. Mchezaji wa California akapenya katikati yao, akafunga na kumgonga mpiga tromboni. California 25, Stanford 20. Waliokosa adabu siku ile waliadhibiwa papo hapo.

Kama ndugu huyo yuko Houston, nitampa kiti. Aje kabla ya mapumziko, wala asiondoke kwenda kununua soda filimbi ikilia, kama wafanyavyo wengi. Nitakuwa upande wa kivuli.

Msomaji wenu,
Houston, Texas