Salma, kabla hujafunga sanduku

Salma mwanangu,

Jana ulipomjibu babako kwamba huna cha kuficha simuni nilinyamaza, maana wageni walikuwa bado mezani. Zimebaki siku tisa uende Boston kusoma, na neno lile halijanitoka moyoni.

Wewe huna cha kuficha, sawa. Lakini simu yako imebeba vyeti vya hospitali vya shangazi yako, hati ya shamba la bibi yako kule Kwale, na kikundi cha ukoo chenye watu 43 ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri nawe. Vyeti nilikutumia mimi, najua. Siku ile nilikuwa na haraka, na shangazi yako hajui mpaka leo. Vitoe kwanza.

Na kuvitoa si kubonyeza mara moja ukadhani vimekwenda. Picha iliyokuja kwa WhatsApp hukaa kwenye folda yake ndani ya simu, na kama Google Photos imeruhusiwa kuhifadhi folda hiyo, basi nakala nyingine iko mtandaoni. Ukifuta inaingia kwenye kapu la taka na kukaa humo siku 60. Hamisha unazozitaka kwenye ile diski nyeusi iliyo drooni, fungua picha tatu nne kutoka kwenye diski yenyewe uone zinafunguka, ndipo ufute simuni, halafu ulifungue kapu ufute tena. Ukiruka hatua ya kujaribu diski utakuja kulia, kama ulivyolia kwa picha za harusi ya Zuhura.

WhatsApp yenyewe hufunga ujumbe mwanzo hadi mwisho, asiusome mwingine njiani, na watu huridhika hapo. Nakala inayohifadhiwa mtandaoni ni jambo jingine: haifungwi hivyo mpaka wewe mwenyewe uwashe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mazungumzo, nakala za kuhifadhi, uwashe ufungaji wake. Itakutaka uweke neno la siri au uchukue ufunguo wenye tarakimu 64. Andika kwenye karatasi, kwa sababu ukipoteza hata wao hawawezi kukufungulia. Kisha tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya ile ofisi uliyofanyia mafunzo naamini bado imo.

Sasa uwanja wa ndege. Fomu ya viza imekwisha kukutaka majina yako yote ya mitandaoni ya miaka mitano, na tangu Juni 2025 wanafunzi wanaambiwa waziache kurasa zao wazi. Hilo limepita, na nashukuru ulijaza kweli tupu. Lakini mpakani afisa wa Marekani anaweza kuichukua simu na kuipekua kwa mkono bila kibali cha mahakama. Kuiunganisha na mashine yao kunahitaji sababu na idhini ya mkubwa wake. Raia wao akikataa kufungua anaweza kubaki bila simu. Mgeni akikataa anaweza kurudishwa. Kwa hiyo sikuambii ukatae, wala usidanganye hata neno moja. Nakuambia ufike na simu isiyo na siri za watu. Barua pepe na hifadhi za mtandaoni uzitoke kabisa kabla ya kupanda ndege. Wakiishika simu, omba karatasi ya kuonyesha wameipokea.

Na uizime kabla ya kushuka. Kuzima kabisa, si kufunga kioo. Simu iliyowashwa upya huziweka funguo za vitu vilivyomo ndani yake zimefungwa mpaka uandike namba ya siri mara ya kwanza, na uso wala kidole havifanyi kazi kabla ya hapo. Ukishaifungua mara moja, hata ukifunga kioo, sehemu kubwa ya funguo hizo hubaki kwenye kumbukumbu, na ndipo mashine za kupekulia hupata upenyo. Namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, Salma. Msichana aliyepata ufadhili kwa hesabu! Weka tarakimu nane zisizo tarehe ya mtu yeyote nyumbani.

Babako anasema natia chumvi. Mambo haya ya serikali kufuatilia simu za watu yalitoka hadharani Juni 2013, Edward Snowden alipowapa waandishi nyaraka za siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani alilolifanyia kazi. Ya kwanza kuchapishwa ilikuwa amri ya mahakama ya siri kwa kampuni ya simu ya Verizon: itoe kila siku rekodi za simu za wateja wake, nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Maneno yenyewe hayakutakiwa, wala hayakuhitajika. Wakati huo waliruhusiwa kufuata mnyororo hatua tatu kutoka kwa mshukiwa mmoja. Mtu akiwa na watu 40 anaowapigia, na kila mmoja wao 40 wengine, hatua ya tatu ni watu 64,000. Wangapi kati ya hao walikuwa na cha kuficha? Ukusanyaji ule wa jumla ulisimamishwa kwa sheria ya 2015. Lakini Mei 2014 gazeti la mtandaoni The Intercept lilikuwa limeeleza kwamba mpango wa NSA ulioitwa MYSTIC ulikusanya rekodi za simu za Kenya pia. Za hapa kwetu, mwanangu.

Na kifungu cha 702 cha sheria yao ya ujasusi bado kinaruhusu wasio raia walio nje ya Marekani walengwe na mawasiliano yao yanaswe. Ukifika kule, kifungu hicho hakikulengi wewe. Mimi na babako tulio huku ndio tunaoweza kulengwa, na utakachotuambia kinaingia kwa upande wetu. Ndiyo maana nakuomba, mambo ya shangazi yako tusiyaandike kwenye barua pepe.

Laini yako ya Kenya niachie, niitie kwenye kile kisimu cha vibonye, maana namba za benki zinaingia humo na laini isiyotumika hufungwa. Iwekee PIN ya kadi. Ukikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungulia kadi, ya tarakimu nane, na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa, kwa hiyo ganda lake usilitupe. Piga *106# pia uone laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Moja ni ya mjomba wako. Nilimkubalia mwaka juzi bila kukuuliza. Tutaibadilisha Jumatatu.

Mahamri nitakukaangia Ijumaa usiku, sanduku lisizidi kilo 23, na lile dera la kijani bado liko kwa fundi. Simu yako ya zamani usimpe Zuberi hivyo hivyo: toa kwanza akaunti ya Google ndipo uifute, la sivyo itamdai neno lako la siri. Iache juu ya kabati, karibu na mitungi ya achari, nitaimalizia mwenyewe.

Mamako